Ndege wa Mlango wa Mto Sabaki na Safari Zao

Mtu akiambiwa kwamba wako watu wanaosafiri kutoka Nairobi, na hata kutoka Ulaya, ili kusimama juu ya mchanga karibu na Malindi na kutazama ndege ambao hawawawindi, hawawali wala hawawafugi, aghalabu hucheka. Swali lake huwa moja tu: faida yake nini? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu; lakini kwanza yafaa kueleza ndege hao ni wa namna gani, wanatoka wapi, na kwa nini wanakusanyika pale wala si mahali pengine.

Mto Sabaki huanza mbali sana na bahari. Maji yake hutoka katika nchi ya juu iliyo karibu na Nairobi, hupita Ukambani, na huko mto huitwa Athi. Ukiisha kuungana na Mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia pwani hupata jina lake la tatu, Sabaki. Huingia baharini kaskazini ya Malindi, kabla ya kufika Mambrui, na katika Kenya nzima ni Mto Tana tu unaoupita kwa urefu. Katika safari hiyo yote mto hukusanya udongo. Mvua ikinyesha sana bara, mtu aliyesimama Malindi huona bahari imegeuka rangi ikawa nyekundu kama barabara ya vumbi. Udongo huo umetoka mashambani mwa watu, na kwa mkulima aliyeupoteza ni hasara tupu. Ufuko wa Malindi nao umebadilika kwa ajili yake, kwani mchanga ulirundikana hata nyumba zilizojengwa kando ya maji zikajikuta ziko mbali nayo.

Lakini pale mto unapokutana na bahari udongo huo huwa kitu kingine. Maji ya mto yakipambana na maji ya chumvi hupoteza nguvu na kuutua mzigo wake, na hapo hufanyika matope laini, mafungu ya mchanga na vidimbwi. Ndani ya matope hayo huishi minyoo, kaa wadogo, konokono na vijidudu visivyohesabika. Mpita njia huona tope tupu. Ndege huona sahani iliyojaa.

SAA YA NDEGE NI MAJI

Jambo la kwanza kwa atakaye kuwatazama ndege wa pwani ni kuyajua maji, na katika jambo hili wavuvi hawana haja ya kufundishwa. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa mchana na usiku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko siku iliyotangulia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Kenya huweza kuzidi mita 3. Baina ya bamvua mbili huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Ndege wa matopeni huishi kwa saa hiyo ya maji, si kwa saa ya jua. Maji yakipwa wao hula, hata ikiwa ni usiku wa manane. Maji yakijaa meza yao hufunikwa, na hapana budi waondoke wakakusanyike juu ya mafungu yaliyobaki makavu, wamesimama kwa mguu mmoja, vichwa wameviegemeza mgongoni, wakingoja. Mgeni asiyejua habari hii huja maji yakiwa yamepwa kabisa, akaona vitone vyeusi mbali upeoni, akarudi nyumbani akisema hapana kitu. Laiti angefika saa mbili kabla ya maji kujaa! Hapo ndipo bahari yenyewe inapowasukuma ndege kidogo kidogo kuelekea kwa mtazamaji, naye hana kazi ila kukaa kimya.

Katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Basi mtu anayefika mlango wa Sabaki saa nane mchana siku ya bamvua amefika kwa wakati. Jioni inapokaribia, shakwe na buabua hurudi kutoka baharini kwa makundi makubwa ili walale juu ya mchanga, na kelele zao husikika kabla wao wenyewe hawajaonekana. Mara nyingi heroe pia husimama katika maji ya kina kifupi, wakichuja chakula chao vichwa vikiwa chini juu. Furukombe hukaa pake yake akingoja samaki.

WAGENI WATOKAO SIBERIA

Wenye kustaajabisha zaidi, hata hivyo, si heroe warembo bali wale vitwitwi wadogo wa rangi ya tope ambao watu huwapita bila kuwaangalia.

Tuchukue mmoja, yule mwenye mdomo mwembamba uliopinda kidogo kuelekea chini. Uzito wake ni gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku. Ndege huyu hutaga mayai yake katika nchi ya baridi ya kaskazini ya Siberia, mahali ambapo mwezi wa Juni jua halichwi na ardhi ya chini haiyeyuki barafu yake mwaka mzima. Kutoka huko hadi mlango wa Sabaki ni zaidi ya kilomita 9,000. Naye huja kila mwaka, na kila mwaka hurudi.

Wazazi huondoka kwanza, nao huanza kuonekana katika pwani yetu mwezi wa Agosti. Watoto wao, waliotoka mayaini majuma machache tu kabla, hubaki nyuma kukomaa mabawa, kisha hufunga safari peke yao bila mzee wa kuwaonyesha njia. Wataalamu wamefanya kazi nyingi kuchunguza jinsi wanavyoijua. Jua, nyota na nguvu ya sumaku ya dunia vyote vina sehemu yake. Wengi wa vijana hao, wakiisha kufika, hawarudi kaskazini mwaka wa kwanza. Hukaa hapa pwani hata wapate nguvu, na ndiyo maana katika mwezi wa Julai, wakubwa wote wakiwa Siberia, bado vitwitwi wachache huonekana matopeni.

Kuanzia Machi wale wakubwa hula kwa bidii isiyo ya kawaida. Mafuta hujengeka chini ya ngozi, na uzito wa ndege huongezeka kwa theluthi moja au zaidi. Mafuta hayo ndiyo nauli yake. Manyoya yake nayo hubadilika, kifua kikawa chekundu kama kutu, hata mtu aliyemzoea tangu Oktoba hudhani kwamba amekuja ndege mwingine. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei wanakuwa wameondoka.

Si wote watokao mahali pamoja. Wako vitwitwi wa mchanga, wenye vichwa vya mviringo na midomo mifupi, ambao nchi zao za kuzalia zimeenea kutoka Uturuki hadi Mongolia. Yuko mwingine ambaye mdomo wake umepinda kuelekea juu, naye hukimbia huku na huko juu ya tope akifukuza kaa kama mtu aliyepoteza shilingi. Yuko kitwitwi wa kijivu, ambaye hukimbia hatua chache, husimama kimya, hutazama, kisha hudonoa. Yuko mweupe apendaye ukingo wa mawimbi, ambaye hukimbia mbele ya wimbi mfano wa mtoto aogopaye kulowa miguu, na wimbi likirudi hulifuata mara moja. Na yuko sululu, mkubwa, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, ambao huingia katika tundu la kaa kana kwamba vilipimwa pamoja.

Mtu akizitazama midomo hizo kwa makini ataelewa kwa nini ndege wa aina nyingi hivyo hula mahali pamoja bila kupigana. Mwenye mdomo mfupi hula kilicho juu ya tope, mwenye mdomo wa kiasi hufikia minyoo ya chini kidogo, na sululu huchota kilichojificha kwa kina. Kila mmoja ana ghala yake.

MLA KAA WA MIDA

Kilomita 25 hivi kusini ya Malindi, karibu na Watamu, iko Hori ya Mida. Mida si mlango wa mto, kwani hapana mto unaoingia humo. Maji baridi hupenya kutoka chini ya ardhi. Kwa hiyo maji yake ni meupe kuliko ya Sabaki, na mikoko yake ni mingi. Vitwitwi wale wale tuliowataja huonekana humo pia, lakini yuko ndege mmoja ambaye kwa maoni yetu anastahili safari peke yake, naye ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi kama koleo la fundi. Chakula chake ni kaa, na tumwite mla kaa.

Ndege huyu huzaliana katika visiwa na fukwe za mchanga za Ghuba, za Bahari ya Shamu na za nchi jirani. Hachukui nyasi kujenga tundu juu ya ardhi kama wenziwe. Huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Katika jamii yote ya ndege wa matopeni hapana mwingine afanyaye hivyo. Mtoto naye hulelewa muda mrefu. Hata wakiisha kuvuka bahari na kufika Mida, mtoto aliyekwisha kulingana na mama yake kwa kimo humfuata nyuma akilia kuomba kaa, na mzazi humpa. Mwenye kutaka kuyaona haya na aje baina ya Septemba na Machi. Njia wanayoifuata ni ile ile ya majahazi ya Maskati, ingawa wao hawangoji kaskazi.

WAKATI WA KUSI

Watu wengi hudhani kwamba wageni wa kaskazini wakiisha kwenda zao pwani hubaki tupu. Sivyo. Wakati huo huo, mnamo Aprili, huja wageni wa upande mwingine. Katika kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, yuko ndege wa kahawia mwenye mabawa marefu yaliyochongoka na alama nyeupe chini ya jicho. Umbo lake arukapo ni kama la mbayuwayu mkubwa, naye hukamata wadudu hewani. Huzaliana Bukini wakati wa mvua za huko, na baridi ya kusini ikiingia huvuka bahari kuja pwani ya Afrika ya Mashariki. Idadi yao duniani si kubwa, na mlango wa Sabaki ni mojawapo ya mahali pachache ambapo maelfu yao wamepata kuonekana pamoja. Hukaa juu ya mchanga mkavu wakielekea upepo wa kusi, rangi yao ikilingana na vichuguu vya mchanga, hata mtu huweza kuwakaribia sana asiwaone mpaka kundi zima limeruka.

FAIDA NA HASARA

Sasa turudi kwenye swali letu. Faida ya kwanza ni ya fedha, nayo si ya kudharauliwa. Huko Mida ilijengwa njia ya mbao kupita katikati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia, na mpango ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya mwaka 2001 ukatumia fedha za wageni kuwalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazokaa kando ya hori na ya Msitu wa Arabuko-Sokoke. Vijana wa huko wamejifunza kuwaongoza wageni. Kijana anayeweza kutofautisha vitwitwi wawili wa mchanga, kazi ambayo huwashinda hata wageni wenye darubini za bei kubwa, ana ujuzi ambao haununuliwi dukani. Na mvuvi, yeye amejua tangu zamani kwamba buabua wakikusanyika na kupiga mbizi mahali pamoja, samaki wako chini.

Faida ya pili ni ya habari. Ndege wanaotegemea nchi kumi katika mwaka mmoja huonyesha hali ya nchi zote kumi. Matope yakifukiwa kwa ujenzi katika nchi moja, au mitego ikizidi katika nchi nyingine, upungufu huonekana kwetu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024, chama cha kimataifa cha kuhifadhi viumbe kinachojulikana kwa herufi IUCN kilimwingiza yule kitwitwi wa Siberia mwenye mdomo uliopinda, pamoja na kitwitwi wa kijivu, katika orodha ya ndege wanaotishiwa kutoweka duniani. Ndege hao wawili ndio wale ambao mtu wa Mida huwaona kila siku na kudhani kwamba hawawezi kwisha. Habari za kupungua kwao zilitokana na hesabu zilizofanywa mwaka baada ya mwaka, na katika Kenya hesabu ya ndege wa majini imekuwa ikifanywa mwezi wa Januari tangu mwaka 1991, na watu wa kujitolea wakiwa sehemu kubwa ya wahesabuji.

Hasara zinazowapata ndege hawa ni za namna mbili. Ziko zilizo juu ya uwezo wa mtu mmoja. Taka na udongo hushuka na mto kutoka miji na mashamba ya bara. Bwawa kubwa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018 katika bonde la Athi, linahitajiwa sana na watu wenye kiu wa Makueni na Kitui. Lakini bwawa huzuia udongo kama lizuiavyo maji, na mafungu ya mlango wa Sabaki yaliumbwa na udongo huo. Jambo hili linawahusu wakubwa wa mipango, nao wanapaswa kulipima mapema.

Hasara ya namna ya pili iko mikononi mwetu. Ndege aliyesimama juu ya fungu wakati maji yamejaa haonekani kufanya kazi yoyote, kwa hiyo watoto humtupia mawe, mbwa humfukuza, na vijana wa pikipiki hupita katikati ya kundi ili kuliona likiruka. Wala si watoto peke yao wenye kosa hili. Wako wageni wenye kamera nzito ambao hulisogelea kundi mpaka liruke, kisha hulifuata linapotua, kisha tena. Ikumbukwe kwamba wakati huo ndege hawezi kula. Kila anaporushwa huunguza mafuta ambayo hana pa kuyarudishia mpaka maji yapwe. Katika Oktoba huenda asidhurike sana, lakini katika Aprili mafuta hayo ni nauli ya kwenda Siberia, na ndege anayeondoka na nauli pungufu haendi kuombea msaada njiani. Mvuvi anayechimba chambo chake taratibu matopeni hana lawama katika haya. Ndege wamemzoea, na hula hatua chache kutoka kwake.

KWA ATAKAYE KWENDA

Vifaa si vingi. Darubini ya macho mawili, hata iliyotumika, yatosha, pamoja na daftari na penseli. Njia ya kwenda mlango wa mto huanza kijiji cha Sabaki, upande wa kaskazini wa daraja la barabara itokayo Malindi kwenda Mambrui, na ni vizuri kumchukua kiongozi wa hapo kijijini. Viboko wako mtoni, hasa jioni, na wamepata kutoka maji na kula majani kandokando. Si wanyama wa kuchezewa. Jihadhari pia usikae juu ya fungu ambalo maji yatalizunguka nyuma yako. Jua liwe mgongoni, nguo zisiwe za kung'aa, na ukiona ndege wameinua vichwa wote kwa pamoja, hapo umefika mwisho wa kusogea. Simama, au rudi hatua kumi.

Katika daftari andika tarehe, hali ya maji, aina ya ndege na idadi yao. Usiyemjua mchore: urefu wa mdomo kulinganisha na kichwa, rangi ya miguu, na jinsi anavyotembea. Mwendo humtambulisha ndege upesi kuliko rangi.

Huenda pia ukaona ndege mwenye pete ya madini mguuni. Pete hizo huvishwa na watu wenye kibali, nazo zimechorwa namba na anwani ya nchi ilikovishwa. Ukimkuta ndege aliyekufa mwenye pete, andika herufi na namba zote bila kuacha hata moja, tarehe, na mahali ulipomwona, kisha peleka habari kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, hata kama anwani ni ya nchi ya mbali. Ukimkuta hai amenaswa wavuni, isome namba, na umwachilie pamoja na pete yake.